Maji Kwanza, Moto Baadaye: Mwongozo wa Kuanza na Injini Ndogo za Mvuke

Ukisimama jikoni maharage yakiwa kwenye presha kuka, ukasikia kile kizito cha juu kikianza kuyumba na kutoa "tss, tss", umekwisha kusikia nusu ya injini ya mvuke. Moto uko chini, maji yako ndani, mvuke unatafuta pa kutokea, na kizito ndicho kinachoamua utoke kiasi gani. Nusu iliyobaki ni kuupa mvuke huo kazi, usukume pistoni na pistoni izungushe gurudumu. Injini ndogo ya mvuke, ile inayotosha juu ya meza, hufanya hayo yote mbele ya macho yako bila kuficha kitu.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kununua injini yako ya kwanza, au uliyeachiwa moja na mzee wa nyumba na hujui uanzie wapi. Kuna kanuni moja ya kushika kabla ya zote: maji kwanza, moto baadaye, na moto ufe kabla ya maji. Karibu kila nitakalokuambia hapa linatoka kwenye kanuni hiyo.

Inavyofanya kazi

Boila ni tangi dogo, kwa kawaida la shaba ya njano, lililolala juu ya kichomeo. Juu yake kuna valvu ya usalama, mara nyingi na filimbi, na kwenye injini nzuri kuna kioo cha kuonyesha kimo cha maji. Maji yanapogeuka mvuke hutaka nafasi kubwa mara 1,700 hivi kuliko yalivyokuwa. Ndani ya tangi lililofungwa nafasi hiyo haipo, basi presha hupanda.

Injini nyingi za mezani hufanya kazi kwenye presha ya bar 1 hadi 1.5, ambayo ni ndogo kuliko ya tairi la gari. Usiidharau kwa sababu hiyo. Tairi lina hewa baridi, lakini boila ina maji yenye joto la nyuzi 120 na zaidi, na ikipasuka maji hayo hulipuka kuwa mvuke papo hapo. Valvu ya usalama imewekwa kuzuia hilo: presha ikipita kiwango, springi hukubali kusukumwa na mvuke hutoka.

Kwenye injini za bei nafuu silinda yenyewe hubembea. Imeshikwa na pini moja, na springi inaibana kwenye bamba bapa lenye matundu mawili, moja la kuleta mvuke na jingine la kuutoa. Krenki ikizunguka huvuta fimbo ya pistoni, na fimbo huiyumbisha silinda. Ikiinama upande huu, tundu lake linakutana na tundu la mvuke na pistoni inasukumwa. Ikiinama upande wa pili, linakutana na tundu la kutolea, na mvuke uliomaliza kazi unatoka. Izungushe kwa kidole ikiwa baridi, polepole, uangalie matundu yanavyopishana. Fanya hivyo kila siku unayotaka kuiendesha, maana ndivyo utakavyojua kama silinda iko huru au imekwama kwa oili iliyoganda.

Injini za daraja la juu zina silinda iliyofungwa imara, na valvu ya kuteleza ndiyo inayogawa mvuke. Nyingine hupokea mvuke pande zote mbili za pistoni, kwa hiyo zina nguvu zaidi na huzunguka laini zaidi.

Uanze na ipi

Majina matatu utayakuta tena na tena. Mamod ilianzishwa mwaka 1937 na Geoffrey Malins mjini Birmingham, Uingereza, na jina lenyewe ni ufupisho wa Malins Models. Wilesco ni ya Lüdenscheid, Ujerumani. Kampuni ilianza mwaka 1912, na injini za mvuke zimekuwa kazi yake inayojulikana tangu miaka ya 1950. Jensen ilianza mwaka 1932, na kiwanda chake kiko Jeannette, Pennsylvania, Marekani.

Ushauri wangu: anza na injini isiyotembea, mpya, yenye silinda moja na kioo cha maji. Usianze na garimoshi wala trekta la mvuke, hata kama ndilo lililokuvutia. Chombo kinachotembea na moto tumboni kinahitaji mtu aliyekwisha kuzoea moto uliotulia mahali pamoja. Kioo cha maji nacho si pambo. Bila hicho utakuwa unakisia, na kukisia maji ndiko kunakoua boila.

Ziko injini zinazochemshwa kwa umeme. Ni safi na hazina moshi, lakini soma kibandiko chake kabla ya kulipa. Za Marekani hutumia volti 120, na soketi zetu Tanzania na Kenya hutoa volti 230 hadi 240. Ukiichomeka moja kwa moja utaiunguza. Za Ulaya zinakubali umeme wetu.

Wengi wetu huagiza kupitia ndugu aliye nje. Mwambie mapema kwamba vidonge vya mafuta na spiriti haviruhusiwi kwenye mizigo ya ndege, hivyo aviache huko huko. Boila iwe tupu na kavu, na kichomeo kioshwe kisibaki na harufu.

Ukinunua iliyotumika

Injini yangu ya pili niliinunua kwa mtu aliyenihakikishia kuwa inafanya kazi bila tatizo. Ilikuwa imeng'arishwa kama kikombe cha ubingwa. Nilipofika nyumbani nikaigeuza chini juu, na hapo ndipo iliponieleza historia yake. Tumboni mwa boila shaba ya njano ilikuwa imegeuka rangi ya waridi, na kwenye ukingo mmoja kulikuwa na mstari mnene wa lehemu mpya ya kijivu, kama ile ya kuungia waya za redio. Mtu aliwahi kuiwasha ikakaukiwa maji, kiungo kikaachia, akaziba kwa alichokuwa nacho mkononi. Sijawahi kuitia moto. Inakaa kabatini kama kumbukumbu.

Ukielewa kilichotokea hutanunua kama niliyoinunua mimi. Boila nyingi za zamani za aina hii ziliungwa kwa lehemu laini inayoyeyuka kabla ya nyuzi 200. Maji yakiwemo, joto la shaba ya boila haliwezi kupanda sana juu ya lile la maji yenyewe, kwa sababu maji yanalibeba. Maji yakiisha, mwali hupandisha joto la shaba kupita kiwango hicho kwa muda mfupi, na kiungo kinaachia.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa:

- Igeuze uangalie chini ya boila. Doa jeusi la masizi ni la kawaida. Rangi ya waridi, uvimbe au lehemu mpya ni sababu ya kuiacha.
- Vuta taratibu pini ya valvu ya usalama. Springi irudi yenyewe. Ikiwa imeganda, hesabu bei ya valvu mpya humo humo.
- Zungusha gurudumu kwa mkono. Lisigote mahali wala kuyumba.
- Angalia kioo cha maji kama kina ufa, na uzi wa skrubu kwenye tundu la kujazia maji kama haujaliwa.

Boila usiyoijua lazima ipimwe kwa maji. Inajazwa maji hadi hewa yote iishe, kisha kwa pampu ya mkono yenye geji inapandishwa hadi mara moja na nusu au mara mbili ya presha yake ya kazi. Maji hayabanwi, kwa hiyo penye udhaifu patatoka matone tu. Kamwe usiipeleke kwa fundi wa tairi aijaze hewa. Hewa iliyobanwa ikipata ufa hurusha vipande.

Maji, moto na oili

Birika za nyumba nyingi za pwani zina ukoko mweupe ndani. Maji ya kisima yanayofanya hivyo kwenye birika yatafanya hivyo hivyo kwenye boila, ila humo huwezi kuingiza mkono ukasugua. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za magari. Soma chupa kwa makini, kwa sababu wauzaji wengine huita "maji ya betri" hata tindikali yenyewe. Ukikosa, kinga maji ya mvua bati likishakuwa limeoshwa na mvua ya mwanzo, uyachuje kwa kitambaa kizito. Boila iliyokwisha kupata ukoko isafishe kwa siki iliyochanganywa na maji, kwa muda mfupi, kisha isuuze mara kadhaa. Ukiiacha na siki usiku kucha, tindikali itaanza kuila shaba.

Injini nyingi mpya hutumia vidonge vyeupe vya mafuta makavu, vya jamii ya Esbit, iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1936. Havimwagiki, na kidonge kikiisha moto unakufa wenyewe. Moshi wake ni mbaya kuvuta, hivyo fungua madirisha, na nawa mikono kabla ya kugusa chakula. Injini za zamani hutumia spiriti, ile ile ya mafundi seremala. Spiriti ina hatari moja kubwa: juani mwali wake hauonekani. Usiongeze spiriti kwenye kichomeo kilicho moto hata kama unaamini kimezimika. Weka taulo lililoloa maji karibu. Mafuta ya taa usiyatumie kabisa kwenye vichomeo hivi, masizi yake yataziba kila kitu. Na mtoto asiendeshe peke yake, hata awe hodari vipi.

Oili nayo ni ya aina mbili. Kwenye mihimili na krenki, oili nyepesi ya cherehani inatosha. Ndani ya silinda inatakiwa oili nzito ya mvuke, maana oili ya kawaida ikikutana na mvuke hugeuka kitu kama maziwa na kuoshwa nje. Usitumie oili ya giaboksi yenye viungo vya salfa, kwa sababu hushambulia shaba.

Injini nyingi zina kikombe kidogo kwenye bomba la mvuke, na kazi yake inapendeza kuifahamu. Unakijaza oili. Mvuke kidogo unaingia, unapoa na kuwa tone la maji. Maji ni mazito kuliko oili, basi tone linazama chini, na oili inainuliwa kiasi hicho hicho na kuchukuliwa na mvuke hadi kwenye silinda. Ukimaliza kuendesha, utakuta kikombe kimejaa maji mahali pa oili. Kimwage, ukijaze upya.

Siku ya kwanza, hatua kwa hatua

1. Iweke juu ya sinia la bati, mahali tambarare pasipo upepo, mbali na mapazia.
2. Tia oili kwenye mihimili, na ujaze kikombe cha oili ya mvuke.
3. Fungua tundu la kujazia, utie maji ya moto kwa faneli au bomba la sindano hadi robo tatu ya boila. Maji ya moto yanaokoa muda na mafuta. Usiijaze pomoni, maana mvuke unahitaji chumba.
4. Angalia kioo. Kisha kiangalie tena. Funga kifuniko kwa vidole tu, bila koleo.
5. Vuta pini ya valvu ya usalama mara moja uone inarudi.
6. Sasa ndipo uwashe kichomeo na kukisukuma chini ya boila. Tumia kiasi cha mafuta kilichoandikwa na kiwanda na usizidishe, kwani kimepimwa ili kiishe kabla ya maji.
7. Subiri. Injini ndogo huchukua dakika tano hadi kumi. Utasikia maji yakianza kunong'ona, kisha yatanyamaza, kisha utaona mvuke mwembamba.
8. Fungua mvuke kidogo na usukume gurudumu kwa kidole, mbele na nyuma, mara kadhaa. Silinda ikiwa baridi, mvuke wa kwanza hugeuka maji ndani yake. Itatema matone ya moto, kwa hiyo uso uwe mbali.
9. Silinda ikipata joto, gurudumu litashika lenyewe. Lipe mzigo kidogo, lisikimbie ovyo.
10. Maji yakikaribia ukingo wa chini wa kioo, vuta kichomeo nje, hata kama moto bado unawaka vizuri.

Hatua ya kumi ndiyo ngumu kuliko zote. Injini inazunguka, watoto wanashangilia, na mkono hautaki kuizima. Izime.

Baada ya kuendesha

Usitie maji baridi kwenye boila ya moto. Acha presha ishuke yenyewe, kisha ukiwa na hakika kuwa imeisha, legeza kifuniko cha kujazia. Kuna sababu. Mvuke uliobaki ukipoa unarudi kuwa maji na kuacha ombwe ndani, na ombwe hilo huvuta oili chafu kutoka kwenye silinda hadi ndani ya boila. Boila ikiwa bado na uvuguvugu, mwaga maji yote na uiache wazi ikauke kwa joto lake.

Futa oili na maji kila mahali kwa kitambaa kikavu. Kwa sisi wa karibu na bahari hili si la hiari, kwa kuwa chumvi ya hewani huanza kula chuma mara moja. Tia tone la oili kwenye silinda, zungusha gurudumu mara tatu, kisha ifunike. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya viweke ndani ya sanduku lake.

Ikikataa

Mvuke upo lakini gurudumu halishiki: jaribu kulisukuma upande wa pili. Silinda moja ina sehemu mbili za mzunguko ambapo pistoni haina pa kusukuma, na lazima uisaidie kuzipita.

Mvuke unavuja kati ya silinda na bamba: futa nyuso hizo mbili ikiwa baridi, tia oili ya mvuke, uangalie springi. Usikaze springi hadi silinda ishindwe kubembea.

Kifuniko kinavuja: badilisha washa yake. Kukaza kwa nguvu huharibu uzi wa skrubu, na uzi ukiharibika boila nzima imeharibika.

Presha haipandi: angalia kwanza upepo, kisha kichomeo, kisha uvujaji. Valvu ya usalama usiikaze wala kuifunga kwa namna yoyote. Hakuna tatizo la injini linalotibiwa kwa kuziba valvu ya usalama.

Kukusanya

Injini ya pili itakuja, na ya tatu. Chagua uzi mmoja wa kufuata: kiwanda kimoja, aina moja, au kipindi kimoja. Anayefuata za Ujerumani za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia atajifunza kusoma alama. Herufi GBN ni za Gebrüder Bing wa Nürnberg, na BW ni za kampuni hiyo hiyo baadaye ilipoitwa Bing Werke. Märklin, ya tangu 1859, nayo ilitengeneza injini za mvuke kwa miongo mingi. Kwenye vitu vya umri huo usikimbilie kung'arisha. Rangi ya kiwandani iliyochakaa ina thamani kuliko mng'ao mpya. Na vizibio vya nyuzi vya kijivu vilivyomo ndani ya injini kuukuu huenda ni asbesto: usivikwangue vikiwa vikavu.

Kwa kila injini andika daftari: uliipata wapi, ilikuwa na kasoro gani, imeendeshwa dakika ngapi na kwa maji gani. Miaka ikipita, daftari hilo litakuwa sehemu ya injini yenyewe.

Ukiwa tayari kujenga, Stuart ya Uingereza huuza vyuma ghafi vya kumiminwa ambavyo mwenyewe unavichonga kuwa injini. Ile iitwayo 10V ina silinda ya kipenyo cha robo tatu ya inchi. Unahitaji mashine ya kukerezea na mtu wa kukuelekeza, na hao tunao. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, anayekereza vipuri vya magari kutwa nzima ataifahamu kazi hiyo mara tu utakapomwekea mchoro mezani.

Nenda ukaione kubwa

Siku moja nenda Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Humo kuna garimoshi namba 5918, Mount Gelai, mojawapo ya 34 za daraja la 59 zilizojengwa na Beyer, Peacock jijini Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Lina uzito wa tani zipatazo 250, na boila moja kubwa imening'inizwa katikati ya injini mbili. Lilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi.

Panda kibandani kwa dereva. Katikati ya mabomba na mikono ya chuma, tafuta vioo vya maji. Ni vya kazi ile ile ya kioo chako cha mezani, na kwa wale watu wawili waliofanya kazi humo usiku kucha wakipanda kutoka pwani, kupoteza maji machoni kulikuwa ni kuhatarisha maisha yao na treni nzima. Waliviangalia bila kuchoka. Kesho yake, ukiwa nyumbani na kiberiti mkononi, inama kwanza uangalie chako.